Mafungu Chini ya Kitanda Changu

Kwanza nilisikia kitu kikikatika. Krak, kimya, krak tena. Nilikuwa bado ndani ya chandarua, macho nimeyafumba. Nilipotoka sebuleni, Mama alikuwa kwenye kochi, leso imetandazwa mapajani, mikono haionekani.

"Nini hiyo?"

"Panya," akasema.

Nyumba yetu ya Nyamasaria, karibu na ziwa, haijawahi kuwa na panya.

Wiki moja kabla, nilikuwa nimemwambia kwamba nimepata kazi Kitale na nitahama mwisho wa mwezi. Alijibu, "Sawa." Mama si mtu wa sawa tu. Kaka yangu alipohamia Nakuru, presha ilimpanda Mama, akalala siku nne na simu kifuani, mpaka kaka akarudi na godoro ambalo hakuwa amelifungua kamba. Hadi leo anaishi nyumba ya nne kutoka kwetu, na akiulizwa habari za Nakuru husema kuna baridi. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Nikaanza kumchunguza. Vidonge vyake vya presha alivimeza bila kukosa. Ugali aliumaliza. Jioni aliosha sufuria huku akiimba kwa sauti ya chini, na wimbo huo ulinitia hofu kuliko kilio. Kila alasiri alitoka na gunia tupu, akarudi nalo limejaa, na akipita mlangoni alijigeuza upande ili nisilione. Chumba changu kikaanza kunuka ziwa.

Siku moja, akiwa sokoni, nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda changu. Kulikuwa na mafungu saba ya mashina makavu, kila fungu limekazwa kwa kamba, yamepangwa kutoka kichwani hadi miguuni. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, amekwenda kwa mganga. Amenifunga nisiondoke.

Aliporudi alikuta nimeyamwaga katikati ya sebule.

"Mama, hii dawa umeitoa wapi?"

"Dawa gani?"

"Hii ya kunifunga."

Akayatazama mashina, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyathina, mwanangu, na vile umesoma! Hayo ni magugu maji ya ziwani, ya kusukia vikapu. Yakikauka nayaweka kwako kwa sababu kwangu mabati yanavuja."

Alitoa kikapu nyuma ya kochi. Kilikuwa kimepinda, na kifuniko chake kilitumbukia ndani. Alikuwa ameyasuka mashina kabla hayajakauka vizuri, yakasinyaa. Mama mmoja wa mtaa wa Manyatta, anayemfundisha kusuka, alikuwa amemuuliza, "Hiki ni kikapu ama ni kofia ya mlevi?" Ndiyo maana alinifichia. Hakutaka na mimi nicheke.

"Kaka yako alipoenda," akasema, "mkononi nilikuwa na simu tu. Sasa nikikosea mstari mmoja, lazima nifumue nirudie. Siwezi kukuwaza wewe na mstari kwa wakati mmoja."

Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine ilinifuata hadi siku ya safari, begi likiwa mgongoni tayari, na nikaamua kumjaribu.

"Mama, nikikaa wiki moja tu tena?"

Alikuwa ameketi sakafuni, shina moja kati ya meno, matatu vidoleni. Nilimtazama usoni nikitafuta chozi, mdomo unaotetemeka, chochote cha kunirudisha. Niliona mkunjo mmoja tu kwenye paji, wa mtu anayetafuta mahali pa kupitishia shina.

"Unanizibia mwanga," akasema. Akalitoa shina mdomoni. "Mungu akutangulie. Ukifika unipigie, lakini si saa kumi. Saa kumi nafundishwa ukingo wa kikapu."

Nikatoka. Upepo wa ziwa uliingia nilipopita, ukayatawanya mashina yake. Akaguna. Bila kuinuka alinyoosha mguu, akausukuma mlango nyuma yangu, ukafungwa.