Pombe ya Mtarakwa

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilimpiga mdogo wangu kwa kikaango. Sikumpiga kofi wala sikumsukuma. Nilichukua kikaango chenye mafuta ya mayai, nikakizungusha kwa mkono wote, kikamkuta juu ya jicho la kushoto. Ngozi ilipasuka. Alipoanguka aligonga ukingo wa kitanda, jino la mbele likavunjika nusu. Nalisema hivi bila kuzunguka kwa sababu nimewahi kuwasimulia watu wengine nikasema tu kwamba tulikosana, na kila mara nilijisikia mwongo.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Hamriya, mjini Maskati, ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi cherehani. Yeye alifanya kazi saluni ya wanawake, mimi nilikuwa mpishi wa familia moja Madinat Sultan Qaboos. Asubuhi hiyo alinikalisha kitandani akaniambia mama amefariki. Nikauliza mazishi ni lini. Akasema yalikuwa Jumamosi. Jumamosi ipi? Ile iliyopita. Alikuwa amejua kwa siku kumi. Aliwakataza watu wa nyumbani wasinipigie simu, eti atatafuta wakati mzuri. Siku kumi alikula nami, akacheka nami, akanisuka nywele, na mama yangu ameshakufa.

"Ningekuambia ungeharibu kitu," alisema. "Nakujua, Dada."

Basi nikaharibu.

Hasira hizi sikuziokota Maskati. Mama alikuwa mpika pombe kule kwetu Kenya, milimani. Askari wa chifu walipokuja kupiga mitungi yake mateke, aliwakabili kwa mwiko wa mbao mrefu kama mkono wa mtu mzima. Walimvunja kidole, yeye alimpasua mmoja wao sikio. Mwiko huohuo ndio aliotupigia sisi. Nilichapwa kwa kumwaga kimea, nikachapwa kwa kucheka wakati wa kuchuja. Mdogo wangu alikuwa akijificha nyuma yangu, na viboko vyake nikavila mimi. Labda ndiyo maana nilikua nikidhani nina ruhusa naye.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi. Aliyemwaga damu ya ndugu au jirani ndiye anayepika pombe, peke yake, hasaidiwi hata kubeba maji. Ikiiva, aliyeumizwa anachukua funda moja na kumtemea mwenzake kifuani. Hapo ugomvi umemtoka mwilini. Kisha aliyepiga anakunywa yote iliyobaki kikombeni. Lakini aliyeumizwa akimeza badala ya kutema, ugomvi amebaki nao, na hakuna wa kumlazimisha. Mama aliwahi kumvunja jirani mkono wakigombania maji ya mtaro. Akapika. Yule jirani alimtemea kwa nguvu hadi gauni likalowa mbele lote, na mama akalia kwa sauti. Ni mara hiyo tu nilipomwona akilia.

Baada ya kikaango, mdogo wangu hakuhama, maana hakuwa na pa kwenda. Saluni aliwaambia aliteleza bafuni. Chumbani aliniambia yale ya lazima: gesi imeisha, ufunguo uko mezani. Mwezi wa sita akasema mkataba wake umekwisha, na Jumatatu ya mwisho wa mwezi anapanda ndege. Angefika nyumbani, angesimama kaburini kwa mama na kovu langu usoni, na mimi nisingekuwepo. Nilitaka anitemee kabla hajaondoka. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu hiyo.

Wiki hiyo familia ninayoipikia ilipanda Jabal Akhdhar kukimbia joto, nami nikachukuliwa na masufuria yangu. Gari lilipokata kona ya mwisho niliona mti kando ya barabara, nikapiga kelele dereva akadhani nimegonga kichwa. Ulikuwa mtarakwa! Umepinda na kukauka, si ule mrefu wa kwetu unaotoa nguzo za ua, lakini mtarakwa, na vitunda vyake vya rangi ya buluu iliyopauka. Mama alikuwa akiviponda na kuvichemsha ndani ya maji ya pombe. Wapika pombe wengine walimcheka mpaka walipoionja.

Bibi wa nyumba, mama yake tajiri wangu, aliyezaliwa Unguja akarudi Omani akiwa msichana, alinikuta nikichuma.

"Wachuma nini huko?"

"Dawa ya tumbo, Bibi."

"Hii alalan? Kwenu ipo?"

"Ipo, Bibi. Tunaiita mtarakwa."

"Basi nichumie na miye. Tangu jana tumbo nnalihisi limejaa upepo."

Nikamchumia. Anavichemsha hadi leo na kuniombea dua, na mimi naitikia amina huku nikitazama chini.

Wimbi nilipata Hamriya kwenye duka la Wahindi, maana na wao wanaula. Nikauloweka, nikauotesha chini ya kitanda juu ya gunia bichi, nikauanika juu ya paa la ghorofa. Jua la mwezi wa sita liliukausha kabla sijamaliza kukunja kanga. Vile vitunda nilivitwanga kwa kinu cha vitunguu saumu. Harufu ilinipanda puani, kali, ya utomvu na mvua, nikajikuta natwanga kwa meno yaliyoumana kama namponda mtu. Nilikuwa namponda nani, sijui. Nikachemsha maji yake, nikakoroga uji wa wimbi, ulipopoa nikatia kimea na hamira kidogo, nikafunika ndoo kwa shuka. Mdogo wangu aliona kila kitu. Hakuniuliza napika nini, nikajua ameelewa.

Siku ya pili ndoo ilianza kunguruma. Siku ya tatu harufu ikatoka hadi kwenye ngazi. Fundi wa chini akasimama mlangoni pake akinusa, na mimi nikaona polisi, nikaona pingu, nikaona napandishwa ndege kabla ya mdogo wangu. Mtu mgeni haruhusiwi kupika pombe chumbani katika mji huu, na mimi nilikuwa na ndoo nzima. Ndipo nikafanya jambo ambalo mama hakulifanya hata siku moja. Pombe ya kwetu hainyimwi hewa. Inakaa mtunguni mdomo wazi mpaka inywewe. Mimi niliichuja, nikaijaza kwenye chupa tupu za maji ya waridi nilizokuwa nikizibeba kutoka kwa Bibi, chupa kumi na moja za kioo, nikakaza vifuniko kwa kitambaa mpaka viganja vikauma. Iliyobaki nikaitia kwenye chupa moja ya plastiki ya soda. Hizo za kioo nikazipanga kabatini, chini, nyuma ya sanduku lake la safari. Harufu ikaisha. Nikajisifu.

Ijumaa, siku ambayo huku hata makanisa husali, tulitoka ibadani, na saa saba mchana tukarudi chumbani. Tangu asubuhi tulikuwa tumezima kiyoyozi, na chumba kilikuwa tanuri. Aliinama, akafungua kabati atoe sanduku lake.

Chupa ya kwanza ililia kama risasi. Nilimwona akirudi nyuma, mikono hewani, halafu nyingine zikafuata moja baada ya moja, kioo kikiruka, povu la kahawia likipiga dari. Kipande kiligonga taa. Kingine kilipita sikioni kwangu nikakisikia kikivuma. Nilimrukia, nikamwangusha chini, nikamlalia. Alikuwa anapiga mayowe na kunipiga ngumi kifuani, akidhani, nilikuja kuelewa baadaye, kwamba ni mimi ninayempiga. Nguo zangu zilikuwa zimelowa pombe na damu, na sikujua damu ni ya nani.

Ilikuwa yake. Shavu la kulia lilikuwa wazi kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo, na mkononi kipande kilikuwa kimesimama. Nikakishika nikivute, akanipigia kelele: "Usiniguse!" Nikakiacha.

Kwa dakika nzima, na hii naiona aibu kuliko yote, nilisimama nikifikiria harufu. Kisha nikaacha kufikiria. Nikamfunga shuka usoni, nikampeleka kliniki kwa teksi, dereva amefungua madirisha yote.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, Mwomani, na aliposikia tunasemezana akatugeuzia Kiswahili cha Unguja.

"Kimemkata nini?"

"Chupa za siki," mdogo wangu alijibu kabla yangu. "Zimeanguka."

"Siki hii yanuka vyengine," alisema nesi. Akamwinua kidevu kwa kidole, akaona kovu la zamani, akaliona na jino. "Na hili la juu ya jicho?"

"Niliteleza bafuni."

Nesi alinitazama mimi, nguo zangu, mikono yangu. "Na huyu nani wako?"

"Dada yangu."

"Haya," alisema. "Wewe dada, kaa nje."

Nikakaa nje. Nilisikia kila alipodungwa sindano. Nyuzi tisa shavuni, nne mkononi. Ningeomba nidungwe mimi, lakini hakuna aliyetoka kuniuliza. Nesi hakumwita mtu yeyote. Alifungua tu dirisha.

Jumamosi nilikwangua dari na kuokota vioo. Jumapili, jua lilipokuwa bado kwenye ukuta wa jirani, nilitoa ile chupa ya plastiki. Ilikuwa imevimba hadi haikuweza kusimama. Nilifungua kifuniko kidogo kidogo, ikapumua, nikangoja, nikafungua tena. Nikamimina kwenye kikombe cha bati. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikafungua vifungo viwili vya blauzi ili kifua kiwe wazi, kama nilivyomwona mama akifanya.

"Nilikupiga," nilisema. "Hukunikosea kitu cha kupigiwa. Nimepika."

Alipokea kikombe kwa mkono mzima. Akainusa kwanza. Nikaona uso wake ukilegea upande usioshonwa, nikajua amemsikia mama humo ndani, nami nikaanza kulia. Akachukua funda. Shavu la nyuzi likavimba, akafumba macho kwa maumivu. Nilingoja. Nilikuwa nimekaza shingo kama mtu anayesubiri maji baridi, na nilikuwa na furaha, kweli, nilikuwa na furaha.

Akameza.

Nilidhani amekosea. Nikamsogezea kikombe tena, akatikisa kichwa.

"Siwezi, Dada."

"Kwa nini? Hutaki kunisamehe?"

"Nataka." Alikuwa anakitazama kifua changu, si uso wangu. "Lakini nikikutemea, halafu ukasirike?"

"Sitakasirika!"

Nilipiga kelele. Sikukusudia. Ilitoka tu, ikagonga kuta za chumba kile kidogo, na pombe ikamwagika mapajani mwake. Alikuwa ameshainua mkono wenye bandeji, ameuweka mbele ya uso.

Nilibaki pale magotini, kifua changu kikavu, nikisubiri aushushe.