Tofali za Mama Zaina na Agizo la Juni

Siku niliyokabidhiwa muhuri wa kijiji tulikuwa wanne ofisini: Mtendaji wa Kata, aliyekuja kunikabidhi, mzee Msengi, Mwenyekiti wa kijiji, Mama Zaina, mjane aliyefuata barua ya utambulisho, na mimi, Mtendaji mpya wa kijiji. Wa tano alikuwa Rais, ndani ya redio ya mzee Msengi. Alikuwa akihutubia mkutano wa hadhara mkoa wa mbali, akaagiza kila shule ya msingi isiyo na nyumba ya mwalimu iwe nayo kabla mwaka wa fedha haujaisha, yaani mwisho wa Juni.

Ilikuwa Septemba. Nikaona muda upo.

Elimu yangu ni darasa la saba. Wazazi walipofariki mkubwa nilikuwa mimi, nikaacha shule, nikalea wadogo zangu kwa kulima alizeti kule Mgori. Baadaye nikawa tarishi wa kata, nikazijua karatasi za serikali kwa kuzibeba. Ninyi vijana mnaoingia utumishi leo mnapokea agizo kwenye simu; sisi lilitufikia mara mbili. Rais akitamka, hilo ni tamko. Likiandikwa na kusainiwa, likaeleza nani afanye nini na kwa fedha ipi, huo ni waraka. Tamko lilifika siku hiyohiyo kwa redio. Waraka ulipanda basi.

Katikati ya hayo mawili ndipo tulipoteseka. Ofisi ya kwanza kulipokea agizo haikutaka kuwa ya mwisho kitaifa, ikasema Pasaka. Iliyofuata ikasema Krismasi. Mtendaji wa Kata akaniita.

"Kabla ya mvua," akasema.

"Bosi, Rais kasema Juni."

"Kwani wewe umeajiriwa na redio?"

"Basi tungoje waraka."

"Ngoja. Ila utaungojea nyumbani kwako, muhuri ukiwa kwa mwingine."

Kila mmoja alimpunguzia muda wa chini yake. Mimi chini yangu hakukuwa na mtu.

Tofali za kuchoma haziharakishwi. Unafyatua, unaanika, unapanga tanuri, unachoma, unangoja lipoe. Kijiji kizima tanuri lililokuwa tayari ni moja, la Mama Zaina. Tembe yake ilikuwa inavuja hadi wanawe walilala wameketi, naye alikuwa amefyatua kiangazi chote ili aihame. Nikaenda na mzee Msengi.

"Shikamoo, mzee," Mama Zaina akamwamkia, kisha akanigeukia. "Na wewe mtendaji, usinisalimie. Najua mnachokitaka, mmelitazama tanuri kabla ya kunitazama mimi."

"Ni mkopo, mama," mzee Msengi akasema. "Serikali itarudisha."

"Hiyo serikali naijua kwake? Nikiidai nigonge mlango upi?" Akaninyooshea kidole. "Huyu namjua. Kalea yatima wenzake hakuwatupa. Akisema yeye, chukueni."

Nikasema mimi.

Kuta zikafika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, mvua ikaanza. Nikaripoti: kuta zimefika lenta. Kata ikaandika: ujenzi uko hatua za mwisho. Waliofuata wakaandika: imekamilika. Muda ulipunguzwa ukishuka, kazi ikaongezwa ikipanda.

Waraka ukafika mwezi wa tatu. Ulisema Juni, kama redio. Ulisema nguvu za wananchi ziwe za hiari, na kwamba kijiji kikifikisha lenta, serikali italeta bati na mbao, na kufidia tofali zilizoazimwa. Nikapanda basi kwenda wilayani kuomba. Ofisa wa ugavi akafungua jalada.

"Bati za nini? Nyumba yenu ilishakamilika. Hata mwalimu amehamia."

"Mwalimu yupi? Mle kuna mbuzi!"

"Mzee, unataka kusema taarifa iliyokwenda kwa Rais ni ya uongo?"

Nikarudi na kuomba kibali cha kuzibomoa kuta nimrudishie mwenyewe tofali zake. Nikajibiwa kwamba jengo lililojengwa kwa agizo halibomolewi ila kwa agizo. Rais wa baadaye akapiga marufuku michango ya wananchi. Agizo zuri kabisa, nami nikapigiwa simu kuulizwa kama kijijini kwangu kuna aliyewahi kuchangishwa. Nikawatajia Mama Zaina. Simu ikakatika.

Nimestaafu. Sina ugomvi na Rais kuagiza. Nchi kubwa hii haiwezi kungoja vikao kwa kila jambo. Yeye alisema Juni. Nawaomba ninyi mliokaa katikati, mkipokea Juni, pitisheni Juni. Na mkiandikiwa lenta, pelekeni lenta.

Kila kiangazi nafyatua tofali, na mgongo haunisamehe. Juzi nimeshusha tanuri la mwaka huu uani kwa Mama Zaina. Akazizunguka, akagonga moja kwa kisu kusikia kama imeiva.

"Zimeiva," akasema. "Chumba kimoja kimekwisha. Mtendaji, mimi nilifyatua za vyumba viwili na jiko."

"Najua, mama."

"Basi pumzika. Mvua ikikatika, udongo uko palepale."