Nilivyohangaika kurekodi ukimya kanisani kwetu Maji ya Chai

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu mlioko humu, shikamooni.

Kwa muda mrefu nimekuwa napita humu kusoma tu, sichangii. Leo naandika kwa sababu roho imetulia na nina haja ya kumwambia mtu. Sitatia chumvi, kilichotokea ndicho nachokiandika.

Mimi ni kitinda mimba, kwetu ni Maji ya Chai, ule upande wa kupandisha mlimani. Kwetu Wameru mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi. Kaka zangu walishaondoka, kwa hiyo kahawa na migomba vilikuwa vinanisubiri mimi tangu nikiwa nanyonya.

Sasa mimi nikataka kwenda mjini kusomea sound production, yaani kurekodi na kutengeneza sauti.

Baba hakunikatalia. Ni mwalimu wa kwaya ya wazee pale usharikani, mtu wa maneno machache. Alisema, "Nenda. Ukifaulu, hiyo ndiyo kazi yako. Ukifeli unarudi tushike shamba, na usinililie."

Nikapanga chumba Sakina, jirani na barabara ya Nairobi. Aisee, kujifunza kusikiliza mahali ambapo fundi anagonga bodi ya gari tangu asubuhi na mabasi yanapiga honi ni adhabu. Ila nilijifunza. Kuweka maiki, kusawazisha besi na sauti nyembamba (EQ), kuchanganya sauti (mixing), vyote vikaingia taratibu.

Kilichonitesa ni kitu kinaitwa room tone.

Kwa wasiojua: kila chumba kina sauti yake hata watu wakinyamaza. Bati, upepo wa dirishani, pumzi za watu. Unaurekodi ule ukimya, halafu ukikata kelele kwenye kazi yako, unaziba pengo kwa ukimya wa chumba kilekile. Usipofanya hivyo msikilizaji anasikia shimo.

Mwalimu wetu wa chuo alikuwa mkali sana hapo. Akisikia shimo moja tu kwenye kazi yako ya mwisho, anavua headphone. Umefeli.

Kazi ya mwisho ilikuwa kipindi kifupi cha redio. Na mimi kwa kujiamini kwangu nikachagua kwaya ya Baba. Yaani nikifeli, nafeli mbele ya yule yule anayenisubiri na jembe.

Tukarekodi Jumapili baada ya ibada. Wazee waliimba mpaka nikasisimka. Ila kuna sehemu kwaya nzima inanyamaza kidogo kabla ya ubeti wa mwisho, na hapo hapo bodaboda ikapita nje, eksozi imetoboka. Kurudia haikuwezekana, Mama Anaeli anayeanzisha nyimbo sauti ilikuwa imeshamkauka.

Nikajipa moyo kwamba nitaziba kwa room tone.

Nikawaambia, "Wazee wangu, naomba tukae kimya kwa dakika moja."

Wakuu, walisimama wote. Mikono mbele, vichwa chini. Mara nasikia kwenye headphone mtu anavuta kamasi. Ni Mama Anaeli, analia.

"Ni nani huyo ametutoka?" akauliza.

Nikasema hakuna aliyefariki, ni ya kurekodi tu.

"Hakuna msiba na umetusimamisha hivi?" Akanuna kabisa.

Nikawaomba wakae, tujaribu tena bila kusimama. Safari hii Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, akaona ukimya wa kanisani hauwezi kupita bure. Akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akaniombea mimi na vyombo vyangu. Nani angemkatisha? Kwaya ikajibu amina kwa nguvu mpaka mshale wa recorder ukagonga mwisho.

Mara ya tatu wakaanza kucheka. Jasho linanitoka, nauona mwaka wangu wote unaondoka hivi hivi.

Baba alikuwa amekaa benchi la mbele ananiangalia tu.

"Unataka nini hasa?"

"Nataka wanyamaze, Baba. Wasiomboleze, wasisali. Wawepo tu."

"Si ungesema."

Akainuka, akasimama mbele ya kwaya, akanyanyua mkono.

Waliopita kwaya wanajua. Mkono wa mwalimu ukiwa juu, wewe unatulia na unasubiri. Hucheki, hukohoi. Na Baba akauacha juu.

Kanisa likatulia. Nikasikia bati linavyotanuka kwa jua, majani ya migomba nje, na wazee wakipumua taratibu puani. Bega la Baba ni bovu siku nyingi, nikauona mkono unaanza kutetemeka. Hakuushusha mpaka nilipompa ishara.

Mama Anaeli akauliza, "Sasa mbona hatujaimba?"

Siku ya kazi zetu kusikilizwa chuoni, mwalimu alifika pale nilipoziba kwa ule ukimya, kabla ya ubeti wa mwisho, na hakuvua headphone. Nikamwambia hapo palikuwa na bodaboda. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akatikisa kichwa kukubali. "Umepita."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliogopa sana wakuu, sikuwa nimemwambia mtu.

Nikapanda nyumbani nikamvalisha Baba headphone. Akafumba macho. Ilipofika pale kwaya inaponyamaza, mkono wake ukainuka wenyewe kutoka kwenye goti, ukakaa juu, akaushusha sawa na kwaya inavyoingia.

Akavua headphone, akaifuta kwa shati, akanirudishia.

"Nitatafuta mtu wa kunisaidia kahawa," akasema.

Basi.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nawaomba wazee kitu wanachokijua miaka yote, ila kwa maneno ya darasani. Ukienda kurekodi watu, uliza kwanza wao wenyewe hunyamaza lini.

Wenye visa vyenu vya kurekodi wazee, mwageni hapa chini nicheke na mimi. Nipo chumbani Sakina, mabasi yanapiga honi kama kawaida, na leo hayanikeri hata kidogo.