Hatua Kumi na Mbili Kutoka Ukutani

Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya kumzika mama, nilipowaambia vijana wa ukoo wachimbe kaburi, na hadi leo nikisalimiwa sokoni Marani natazama chini, kwa sababu karibu wote walikuwepo.

Karatasi nilikuwa nayo. Watu wa maji walipolaza bomba la zahanati kupitia mashamba yetu, kila boma lilipewa karatasi ya Kiingereza: usichimbe karibu na bomba kabla afisa hajaja na ramani kukuonyesha linapopita, ukikaidi, utashtakiwa. Mimi ndiye niliyewasomea majirani (nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi, na nilijivunia hilo kupita kiasi). Lakini kumwita afisa ni kwenda Kisii, na jeneza lilikuwa limeshafika, na kwetu mwanamke huzikwa upande wake wa nyumba, si popote, basi nikasema mtaro naukumbuka, nikahesabu hatua kumi na mbili kutoka ukutani, nikachomeka kijiti pa kuchimba.

"Una hakika?" baba mdogo akauliza.

"Nimepima, baba."

"Kwa miguu?"

Vijana wakacheka.

Saa tatu sururu ikagonga kitu kigumu. Mchimbaji akaniangalia. "Ni jiwe," nikasema, "piga." Akapiga.

Mchungaji alipofika, kaburi lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni, na mama yuko juu ya viti viwili, na shangazi yangu anapiga kelele, "Mnataka kumzamisha wifi yangu?" Saa saba afisa akaja kufunga koki. Alitokea zahanati, ambako wanawake wawili walikuwa na uchungu wa kuzaa na muuguzi hana tone la maji, ametuma watu mtoni na madebe.

"Nani hapa anasoma Kiingereza?" akauliza.

Uwanja mzima ukanigeukia.

Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, maana litadai mtu. Afisa alipomaliza kuziba bomba, tukalaza shina la mgomba kwenye matope na kulifukia kama maiti. Mama alizikwa kesho yake, kando ya mgomba huo. Makaburi ni mawili, na wageni huniuliza la pili ni la nani.

Hakimu alinitoza faini ya shilingi mia tatu, sikubisha. Siku hizi sichimbi hata shimo la choo kabla sijauliza. Nauli ya kwenda Kisii na kurudi, niliyoiokoa asubuhi ile, ilikuwa shilingi nne.