Benchi la Kando ya Injini

Watu walidhani nilifunga turbo kwenye injini yangu kwa sababu ya tamaa ya pesa. Niliwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nililifunga kwa sababu ya benchi.

Benchi hilo liko kando ya mashine yangu ya kusaga, njia ya kushuka kutoka Kebirigo. Mke wangu ndiye aliyelitaka, ili akina mama wapate pa kukaa wakingoja unga wao. Alipofariki, wateja walipungua mmoja mmoja, nikawa mimi, injini na benchi tupu. Watoto wako mijini, hupiga simu na kuuliza kama nimekula. Nilikuwa nikisema nimekula.

Sikuwalaumu walionikimbia. Injini yangu ni ya dizeli ya zamani, niliyoigeuza itumie gesi ya magunzi ya mahindi. Magunzi huungua ndani ya pipa la chuma kwa hewa kidogo, yakatoa gesi, nayo gesi hupita kwenye vichujio hadi kwenye injini. Ni nafuu, lakini ni gesi dhaifu. Ukijaza wimbi na muhogo mkavu kwenye mashine, injini ilikuwa ikikohoa na mkanda ukilegea, na debe moja lilichukua nusu asubuhi. Pale sokoni kuna mashine ya stima isiyokohoa.

Basi nikaenda Mosocho, nikanunua turbo la lori lililokufa. Ni kifaa kisichozidi sufuria ya wali, chenye mapanga mawili kama ya feni kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha panga moja, na la pili husukuma hewa na gesi ndani kwa nguvu, injini ipate kushiba. Nilihangaika nalo wiki tatu, nikiunganisha mabomba na kutukana peke yangu. Siku lilipokubali, sauti ya injini ilibadilika mpaka nikacheka kwa sauti, kisha nikageuka nimwonyeshe mtu, na hakukuwa na mtu.

Wateja walirudi kweli. Walirudi wengi, wakamwaga mahindi, na kabla sijauliza habari za nyumbani unga ulikuwa umejaa gunia. "Asante, mogaka," wanasema, kama tunavyomwita mzee wa heshima kwetu, na migongo hiyo inapanda mlima. Hakuna aliyekaa. Nilikuwa nimeunda mashine ya kuwafukuza watu haraka, na nilijiona mjinga.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Sisi Wasabato huzima kila kitu kabla jua halijatua, na turbo halitaki kuzimwa ghafla. Lazima injini ingurume polepole dakika kumi, lipoe huku mafuta yakizunguka. Zamani mke wangu alikuwa akitokea mlangoni jua likiwa bado juu na kusema, "Zima sasa, usimkimbize Mungu." Siku hiyo hakuna aliyetokea. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa linagusa ukingo wa kilima cha Manga. Nikakata gesi papo hapo, nikakimbilia maji ya kuoga.

Sabato nzima kifaa kilikaa na masizi yake. Jumapili asubuhi mhimili haukuzunguka hata kwa koleo: utomvu mweusi wa gesi ulikuwa umepoa ukaganda kwenye mapanga, na mafuta yameungua kwenye mhimili. Nikaling'oa, nikarudisha bomba la zamani. Injini ikarudia kikohozi chake.

Akina mama watano walikuwa wameshafika na madebe yao. Walinung'unika, kisha wakaketi. Wakaanza na bei ya majani chai, wakaja kwenye harusi ya mtu, na mwishowe mmoja akasema, "Mama wa hapa angekuwepo, saa hii tungekuwa tumepewa ndizi." Tangu tumzike hakuna aliyekuwa amemtaja mbele yangu. Nilijifanya nakaza mkanda mpaka macho yakauke.

Jioni hiyo nililoweka turbo kwenye mafuta ya taa. Kabla giza halijaingia lilikuwa linazunguka kwa kidole. Nikalipangusa, nikalifunika kwa gunia kwenye rafu. Walioniuliza niliwaambia kipuri kinatoka Nairobi.

Jumapili iliyofuata walikuja wawili. Iliyofuata, mmoja tu: jirani yangu mjane, ambaye shamba lake la chai linapakana na langu. Wengine walikuwa wamerudi kwenye mashine ya stima, na wana haki, wana watoto wa kulisha. Yeye alikuwa akitafuta gunia la kutilia unga, akavuta lile la kwenye rafu. Turbo likabaki uchi, linang'aa.

"Mogaka, hii si ndio ile ya kungoja Nairobi?"

"Ndiyo."

"Na imepona?"

"Ilipona zamani." Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena.

Aliangalia turbo, akaangalia benchi, akakaa katikati yake. "Leo nisagie hivyo hivyo, polepole," alisema. "Kesho uifunge. Watu wasikose unga juu yako."

Kesho yake nililifunga. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri nilipomwona akishuka njia, mikono mitupu, hana debe wala gunia. Alipita mashine bila kuitazama, akaketi kwenye benchi.