Injini Kwenye Ungo wa Sabaha

Shemeji yangu Bashiri, mkulima wa Nandagala, hakuwahi kufungua injini ya pikipiki. Ila pikipiki yake ilipokufa, fundi wa mjini Ruangwa alimtajia bei iliyomkumbusha kwamba naye ana mikono. Akauza mbuzi wake wa pekee, akanunua pistoni na ringi, akaazima spana. Kila kipande alichokitoa alikipanga kwenye ungo wa mkewe, dada yangu Sabaha.

Siku ya nne injini ikawa imefungwa tena.

"Piga kiki, shemeji," nikamwambia. "Au unamsubiri mbuzi arudi?"

Sabaha akauchukua ungo wake, akaukung'uta. Punje za ufuta zikadondoka.

"Baba Faudhia, ungo huu nilipepetea ufuta. Sikuusafisha."

Punje ikiziba tundu la oili, pistoni inaungua, na mbuzi mwingine hana. Bashiri akachukua spana, akaanza kufungua upya.

"Unajisumbua bure," nikasema.

Jioni alichokoa tundu la oili kwa unyoya wa kuku, zikatoka punje mbili. Akaniwekea kiganjani.

Nikazitazama. Diploma yangu ya ufundi magari niliiacha katikati kwa kukataa kurudia somo moja nililofeli.