Mama Sachi Alipopelekwa Hotelini

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaani siku nyingi. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Sachi, naye aliitikia bila kinyongo, maana jina hilo alilitolea jasho. Tangu usichana wake mpaka anastaafu, kazi yake ilikuwa kusimama kwenye geti la wanawake la kiwanda cha nguo na kuwasachi, yaani kuwapekua, waliokuwa wakitoka zamu. Kitambaa kilichozungushwa kiunoni chini ya gauni, uzi uliofichwa ndani ya nywele, vifungo vilivyotumbukizwa kwenye chupa ya uji, vyote alivipata. Hakuwa mkali. Alimgusa mtu begani na kumwambia taratibu, "Mwanangu, rudi ukakiache. Mimi sijaona." Lakini kuona alikuwa ameona.

Kazi ya namna hiyo haibaki getini mtu akirudi nyumbani. Akipewa zawadi, aliigeuza kwanza upande wa chini. Mtu akimsifia, alitafuta kinachotakiwa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la saruji, mpole wa maneno machache, na alizoea kusema kwamba mkewe anaweza kuishuku hata mvua, kwa nini imenyesha leo na si jana. Wakacheka wote wawili. Katika maisha yao yote, mtu mmoja tu ambaye Mama Sachi hakuwahi kumpekua, si mfukoni wala moyoni, alikuwa huyo mumewe.

Waliishi kwenye nyumba ya mlimani, juu ya ngazi za mawe zilizopanda kutoka barabarani zikikata kona mara kadhaa. Nyumba hiyo waliijenga wenyewe. Mume alileta saruji, mke akapandisha maji na mchanga kichwani baada ya kazi, akiwa na mimba ya pili. Hakuna tofali ambalo hakulijua lilikotoka.

Basi siku moja mtoto wao wa kiume, kifungua mimba, akaja na uso wa kung'aa.

"Ofisini wamenipa zawadi, mama," alisema. "Kulala kwenye hoteli ile kubwa ya katikati ya jiji, mtu na mwenzake, mwisho wa wiki mzima. Nikasema mimi bado kijana, nitakwenda siku nyingine. Waende wazee wangu wakapumzike."

Mama Sachi alimtazama. Mtoto huyu tangu angali mdogo, akidanganya hukuna sikio, na alijua kwamba mama yake anajua. Leo sikio lake lilikuwa salama. Lakini mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia.

"Na mkeo hakuitaka hoteli?"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema nyinyi mwende."

"Mkeo huyuhuyu?"

"Mama, ni hoteli tu jamani."

Mama Sachi akamgeukia mumewe. "Mzee, unasikia?"

"Twende," alisema mzee. "Mtu akikupa kiti, huanzi kuuliza mti ulikatwa wapi."

"Ila niachieni funguo," akaongeza kijana, "niwe napita kumwagilia maua."

"Maua gani?"

Kijana akatazama nje. Kulikuwa na ndoo mbili mbovu zilizooteshwa vitunguu vya majani. "Hivyo vitunguu, basi," akasema.

Funguo alimpa. Lakini siku ya kuondoka, akishuka ngazi, alipita kwa jirani yake wa nyumba ya chini, mjane aliyeshinda dirishani akishona mashuka. "Mwenzangu," alimwambia, "nipigie jicho pale kwangu." Jirani hakuuliza sababu. Alisogeza kiti chake kidogo tu.

Hotelini, mlango ulijifungua wenyewe na sakafu ikang'aa kiasi kwamba Mama Sachi alitembea kwa ncha za vidole, kama anayepita mahali palipopigwa deki sasa hivi. Kijana wa mlangoni alitaka kumpokea begi. Hakuliachia. Wakaingia hivyo, kila mmoja ameshika mpini mmoja, mpaka kwenye meza ya mapokezi.

"Karibuni sana, wazazi wangu," alisema binti wa mapokezi. "Chumba chenu kiko jirani kabisa na lifti, kama mlivyoomba."

"Nani aliomba?" akauliza Mama Sachi.

Binti akamtazama mzee. Mzee akatazama chombo cha maua.

"Na muda wa kutoka tumewasogezea mpaka Jumapili jioni," binti akaendelea, sauti ikipungua.

Mama Sachi aliyaweka yote mawili mahali pake, kama alivyokuwa akifanya getini, ambapo anayeuliza haraka huambulia uongo.

Chumbani alianza kazi. Alichungulia chini ya kitanda, akatikisa mapazia, akakung'uta foronya, akanusa sabuni. Alifungua friji ndogo na kuifunga upesi kabla haijamzoea. Juu ya kila mto palikuwa na pipi iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu.

"Nani kaingia humu akaweka pipi kitandani kwa watu?"

"Ndiyo desturi yao," alisema mzee.

"Umeijuaje desturi yao?"

Mzee akaingia bafuni na kufunga mlango kwa komeo. Akaoga humo, akavaa humohumo, akatoka na suruali na soksi kama anayekwenda safari. Mama Sachi akadhani anaonea haya kile kioo kilichoenea ukuta mzima. Hata yeye kilikuwa kimemshtua.

Simu ya mzee ikalia. Alikwenda kuisikiliza dirishani, mgongo kwa mkewe. "Ndiyo... bado... hapana, kesho ndiyo vizuri... yuko hapa."

"Nani huyo?" aliuliza Mama Sachi, akijichana nywele ambazo zilikwisha kuchanika.

"Mwanao. Anauliza kama tumekula."

"Na 'yuko hapa' ndiyo jibu la tumekula?"

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu. Kisha akasema kitanda ni kizuri. Alilala mapema akiwa chali, bila kujigeuza. Mama Sachi alilala upande wa mlangoni akisikiliza kiyoyozi kikinong'ona, akiwaza kuhusu vitunguu vinavyohitaji mwagiliaji mwenye funguo.

Asubuhi walikwenda kwenye ukumbi wa chakula, ambako kila mtu alijipakulia mwenyewe. Mzee alikaa, mkewe akamletea. Alipokuwa akinywa chai, Mama Sachi alimsogelea sikioni.

"Yule mama mwenye miwani ya kamba ameshatia mayai mawili mkobani."

"Mwache."

"La tatu hilo."

"Mama watoto, umestaafu."

Kwa mara ya kwanza tangu wafike, walicheka. Karibu ashawishike kwamba hapakuwa na jambo. Lakini walipotoka ukumbini mzee alisema atabaki chini asome gazeti, na mzee hakuwa msomaji wa magazeti. Mama Sachi akapanda lifti peke yake, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumpigia jirani.

"Nilikuwa nasita kukupigia," alisema jirani. "Mwanao yuko kwako na mwanamume na mwanamke. Wote wawili siwajui. Mwanamke amefungua kabati zako za jikoni moja moja. Mwanamume sasa hivi anapima dirisha la sebuleni kwa tepu."

"Hao tu?"

"Na mwingine yuko uani, viatu vya ncha, simu kila mkono. Kama dalali vile."

Mama Sachi alishukuru na kukata. Kwanza hakuhisi hasira. Alihisi ile raha fupi ya mtu aliyepeleka mkono penye mashaka akakuta kitambaa. Kisha raha ikaisha, na akaona kwamba kitambaa chenyewe ni nyumba yake na mwizi wake ni mtoto aliyemlea ndani yake. Akafungasha. Alishuka na begi akamkuta mzee kwenye kiti kirefu, gazeti limekunjwa mapajani.

"Nyanyuka twende. Mwanao anauza nyumba."

Mzee hakushtuka. Hapo ndipo Mama Sachi alipoelewa, maana wanawake aliowapekua walimfundisha hivyo: asiye na kitu hushtuka, mwenye nacho hutulia.

"Kaa kwanza," alisema mzee.

"Nakwambia nyumba inauzwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemtuma."

Wageni walipita na masanduku ya magurudumu. Mama Sachi aliketi, begi mapajani, kama abiria.

"Nimeanguka," mzee akasema. "Kwenye ngazi zetu. Mara ya kwanza ulikuwa kwa dada yako. Mara ya pili ulikuwa msibani. Hiyo ya pili sikuweza kunyanyuka. Nilikaa palepale kwenye jua mpaka akapita fundi bomba akanishika kwapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema tutie chuma cha kushikilia. Na ungekitia, nakujua. Ningeanguka huku nimekishika."

Mama Sachi alisimama. "Twende chumbani."

Alipofunga mlango alimwambia avue suruali. Mzee alisita, kisha akatii, akijishikiza kwenye meza. Kuanzia nyonga mpaka karibu na goti, paja lilikuwa jeusi lenye zambarau, na pembeni limeanza kugeuka manjano. Bandeji ilizunguka goti, imefungwa vizuri kwa mikono iliyosomea. Mama Sachi alipitisha kiganja taratibu juu ya lile paja. Maelfu ya wanawake walipita mbele yake kwa miaka yote ile na hakuna aliyempita. Huyu alilala naye kitanda kimoja.

"Nani alikufunga?"

"Hospitali. Mwanao alinipeleka."

"Na binti yetu anajua?"

"Anajua. Karibu na kwake ndiko tulikoona nyumba. Haina ngazi hata moja."

"Jirani?"

"Jirani hajui."

"Afadhali jirani," alisema Mama Sachi.

Alimsaidia kuvaa, akaketi kando yake. Lifti ilisikika ikipanda na kushuka nyuma ya ukuta.

"Nilijua ukiulizwa utakataa," mzee akasema.

"Ningekataa, ndiyo. Halafu ungeniuliza tena kesho yake. Maisha yote haya hujajua kwamba hapana yangu ya kwanza ni ya kuvuta pumzi tu?" Alinyoosha shuka lililokuwa tayari limenyooka. "Si nyumba, mzee. Mlikaa watu wazima mkapanga namna ya kunitoa kama kuku bandani. Mkanipa na pipi."

"Pipi waliweka wao," alisema mzee, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe."

Mama Sachi alichukua begi na wakaita teksi.

Chini ya mlima, mzee alibaki garini. Alisema tu, "Mimi nitakungoja hapa," na Mama Sachi alipopanda kona ya kwanza aligeuka akamwona ameegemeza kichwa kwenye kioo, akizitazama ngazi kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Akapanda zilizobaki bila kugeuka tena.

Mwanawe alikuwa sebuleni. Rangi ilimtoka. "Mama, si mlikuwa..."

"Tulikuwa." Akawageukia wageni. "Karibuni. Kabati nasikia mmeshaziona. Njooni sasa niwaonyeshe paa linapovuja."

Aliwazungusha nyumba nzima, dalali akihema nyuma yake. Aliwaonyesha ufa wa jikoni, dirisha lisilofunga masika, mahali ambapo upepo huingia na mahali ambapo jua la asubuhi hukaa. Hakuficha baya wala zuri. Yule mwanamke akauliza kama kuta za ndani zinavunjika kwa urahisi.

"Zote?"

"Zote, na paa. Tunataka kujenga upya."

"Nyinyi mnatafuta kiwanja," alisema Mama Sachi. "Hiki si kiwanja."

Walipokwisha kuondoka, alinyoosha mkono kwa mwanawe. "Funguo." Kijana akampa. Alitaka kusema neno, mama yake akamwambia ashuke akakae na baba yake garini, jua kali.

Nyumba iliuzwa, ila si siku hiyo wala kwa mkono wa mwanawe. Mama Sachi aliiuza mwenyewe miezi mingi baadaye kwa mwalimu na mkewe, baada ya kuwakataa wengine wengi kwa sababu ambazo dalali alishindwa kuwaeleza. Mmoja alinusanusa sana. Mwingine alisifia haraka mno.

Sasa wanaishi uwandani, mtaa mmoja na binti yao, mlango uko sawasawa na barabara. Mama Sachi hajaipenda nyumba hiyo na hasemi anaipenda. Vumbi linaingia, pikipiki hazilali. Lakini mzee hutoka kila asubuhi kwa miguu yake mpaka dukani na kurudi, na wakati mwingine hukaa barazani kwa watu mpaka mkewe amfuate.

Mwanawe alikaa muda mrefu akipewa chakula na salamu tu. Siku moja alikuja peke yake, akakaa jikoni kwenye kigoda, akasema, "Mama, sikukosea kuhusu nyumba. Nilikosea kuhusu wewe." Mama Sachi alimtazama masikio, akamtazama mikono. Kisha akamwambia asogeze kigoda karibu, moshi usimwingie machoni.

Na mzee amegeuka msemaji. Husema jino linalouma, kidole kinachowasha, ndoto aliyoota, soksi iliyotoboka, hata visivyoulizwa. Binti yao alipolalamika kwamba baba siku hizi anachosha, Mama Sachi alimwambia amwache aseme. Yeye humsikiliza mpaka mwisho, na mara mojamoja bado humuuliza, "Ni hayo tu?"